Mwatoka Mtaa Gani?

Kwa zaidi ya miaka thelathini nimelisikia jina la mtaa wetu likipigiwa kelele. Makanga wa Jogoo Road hulikatakata na kulirudiarudia, mwili nusu nje ya mlango: "Mbotela, tela, tela!" Nililisikia nikienda shule, nikienda kutafuta kazi, na nikirudi bila kazi. Sikuwahi kuuliza Mbotela ni nani. Kwetu sisi watoto lilikuwa jina la nyumba za baraza la jiji, uwanja wa vumbi tuliochezea mpira wa makaratasi, na honi ya treni ya Mombasa iliyosikika jioni kutoka upande wa stesheni ya Makadara. Tukiisikia tulikuwa tunapunga mikono, ingawa abiria wenyewe hatukuwaona.

Ilibidi nilipe nauli, nisafiri karibu kilomita mia tano hadi pwani, ndipo mzee mmoja wa Mombasa aniambie nilikokuwa nikiishi.

Safari yenyewe ilizaliwa daftarini. Mama ni katibu wa chama cha wanawake kumi na mmoja wa mtaa wetu na mitaa ya jirani, na daftari lao limeona mengi: sufuria, karo, mabati ya kijijini na majeneza. Mwaka wa 2017, treni mpya ya Madaraka Express ilipoanza kubeba abiria, Mama Mutua alisimama mkutanoni akasema, "Tumechangia mazishi ya kutosha. Sasa tujichangie tukiwa hai." Wakakubaliana kila mmoja atoe shilingi mia mbili kila Jumapili, nje ya mchango wa kawaida. Wapo waliozitoa kwenye mauzo ya sukuma wiki, wapo waliowakata watoto wao kwa simu bila huruma. Kufikia Agosti 2019 kila mmoja alikuwa na zaidi ya elfu ishirini, na mimi nikaingizwa kwenye msafara kama mbeba mizigo na mpanga foleni. Mimi ndiye niliyekuwa mwanamume pekee.

Kosa la kwanza lilikuwa letu na la wengine pia. Tuliona tangazo la kampuni moja ya utalii, ambayo sitaitaja: siku nne, mwongozaji, usafiri wa pwani, hoteli inayotazama bahari. Tukatuma pesa kwa simu, tukapokea shukrani kwa simu, tukatulia. Hakuna aliyedai karatasi yenye jina la hoteli. Ajabu ni kwamba wanawake hawa hawa, mtu akikopa elfu tatu chamani, humtaka alete wadhamini wawili na sahihi.

Asubuhi ya safari tulikodi matatu hadi Syokimau. Pale stesheni mizigo hupangwa mstari chini, kisha mbwa wa polisi hupitishwa ainuse. Mbwa alipita masanduku yote kwa dharau, akafika kwenye mfuko wa Mama Akinyi, akasimama. Akazunguka. Akasimama tena. Askari akaufungua na kukuta omena, kilo mbili, alizombebea binti yake aliyeolewa Kisauni. Tulicheka hadi treni ikapita Athi River.

Baada ya Mtito Andei kicheko kilipungua chenyewe. Tulikuwa Tsavo, watu wameegemea vioo wakitafuta ndovu wale waliojipaka udongo mwekundu. Mama Wambui hakuwa akitafuta ndovu. Alimuuliza mhudumu, "Manyani iko upande gani?" Mhudumu akaonyesha kwa mkono. Mama Wambui akahama kiti, akakaa upande huo, akanyamaza.

Nilijua Manyani ni gereza. Hadithi iliyobaki nilisimuliwa na mama kwa sauti ya chini. Tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, majeshi ya Uingereza yaliizingira Nairobi katika oparesheni waliyoiita Anvil. Wakapita mitaa ya Eastlands mlango kwa mlango, wakawakusanya maelfu ya wanaume, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakawapeleka kwenye kambi za Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Baba yake Mama Wambui alichukuliwa Bahati. Yeye alikuwa na miaka minne. Kambi mbili kati ya hizo zilikuwa kandokando ya njia hii hii ya reli tuliyokuwa tukiipita na mifuko ya chapati magotini.

Tulishuka Miritini na jua la saa nane. Hoteli inayotazama bahari iligeuka kuwa gesti ambayo madirisha yake yalitazama mahali pa kuoshea magari. Mama Akinyi alifungua pazia, akaona povu likitiririka kwenye mtaro, akasema, "Haya, bahari ndiyo hii. Sabuni ni ya bure." Mwongozaji tuliyepewa alikuwa kijana mpole mwenye karatasi iliyofunikwa kwa plastiki. Kesho yake, ndani ya Fort Jesus, alitusomea: ilianza kujengwa 1593, ikaisha 1596, Wareno, mchoraji Mwitaliano, Cairati, ikazingirwa 1696 hadi 1698, ikawa gereza la Waingereza tangu 1895 hadi 1958, makumbusho, turathi ya dunia ya UNESCO mwaka wa 2011. Kila alichosema kilikuwa kweli. Dakika ya kumi, wanawake wanane walikuwa wakipigana picha na mmoja alikuwa amelala kivulini.

Hapo kivulini ndipo palipokuwa na mzee wa kofia ya kitambaa, kitambulisho cha mwongozaji kikining'inia shingoni. Kila aliyepita alimwita Ami, nasi tukamwita hivyo. Mama Mutua, ambaye ndiye mweka hazina, alimwendea na kumuuliza bei kabla ya salamu. Ami akatabasamu.

"Waambaje, mamangu? Salamu kwanza, bei haitoroki."

Mama Mutua akasalimia. Wakapatana ada ya siku mbili, safari hii ikaandikwa daftarini na Ami akatia sahihi. Yule kijana tulimwachia tipu yake. Naye, badala ya kwenda zake, akafuatana nasi akisikiliza.

Ami hakuanza na Wareno. Alituuliza, "Mwatoka mtaa gani huko Nairobi?" Tukajibu kwa pamoja kila mtu na wake: Mbotela, Jericho, Maringo, Makongeni. Akazipokea zile sauti zote kwa kutikisa kichwa, akasema haya, twendeni. Akatupeleka kwenye kisima.

"Wareno na waliokimbilia humu wamezingirwa na Waomani. Machi 1696 hadi Disemba 1698, karibu miaka mitatu. Nyinyi mkifungiwa mtaani kwenu hivyo, maji mtayatoa wapi?"

Hakuna swali ambalo mwanamke wa Eastlands amejiandaa kulijibu kuliko hilo. Walizungumza wote kwa mpigo: mitungi, mapipa, visima vya kuchimbwa, bei ya mtungi mfereji ukikauka wiki nzima, nani huficha na nani huuza. Ami aliwaacha wamalize. Kisha akawaambia kwamba humo ngomeni njaa na maradhi viliua kuliko mizinga, na kwamba waliobaki hai mwishoni walikuwa wachache mno. Kimya kikaingia. Tarehe zile zile zilizowalaza dakika ishirini nyuma sasa zilikuwa na kiu ndani yake.

Nimefundisha shule ya msingi miaka kumi na miwili na siku hiyo niliona aibu ya kitaaluma. Mara ngapi nimesimama mbele ya watoto na karatasi yangu ya plastiki?

Mchana tulitembea Mji wa Kale, kisha Ami akatupeleka Majengo kula. Mtaa wa watu wa kazi, si wa watalii: viazi vya karai, mbaazi na mahamri, ukwaju wa baridi. Jina lenyewe lilimgusa mama, kwa kuwa yeye alizaliwa Majengo nyingine, ile ya Pumwani, mahali ambapo serikali ya kikoloni ilipatenga mwanzoni mwa miaka ya 1920 pawe pa Waafrika wa Nairobi. Mwenye nyumba aliyetupikia alitukaribisha ndani tunawe mikono. Mama akavuka kizingiti na kusimama.

Mbele kibaraza cha kukalia. Mlango katikati. Ndani ukumbi mrefu ulionyooka hadi nyuma, vyumba kushoto na kulia, mwisho wake uani: jiko, choo, kamba ya nguo. Mama alipita katikati ya ukumbi akihesabu milango kwa kidole, akafika wa tatu mkono wa kushoto.

"Hapa ndipo tulipolala," akasema. "Sisi watano na baba."

Mwenye nyumba akamtazama asielewe. Mama akamweleza: nyumba za Pumwani zilijengwa hivi hivi, kwa fito na udongo, na nyingine zilikuwa mali za wanawake waliopangisha chumba kwa chumba na kuwaogofya wapangaji kuliko askari. Mwenye nyumba akacheka akisema hata yeye hupangisha chumba kwa chumba, na kuogofya anajua. Walikaa uani saa nzima wakizungumzia kodi. Mimi nilibaki ukumbini nikijaribu kuelewa. Maisha yangu yote nilidhani pwani ni mahali pa kwenda likizo, kumbe kipande chake kilipanda bara zamani, kikajenga, na mama yangu akazaliwa ndani yake.

Baada ya hapo hesabu ya majina ikawa mchezo wetu. Nairobi kuna Makadara, na Mombasa kuna Makadara. Nairobi kuna Kaloleni, na kule juu ya Mariakani kuna Kaloleni. Sisemi moja limezaa lingine kila mara. Nasema tu kwamba tulikuwa tumesafiri mchana kutwa kwenda mahali ambako vibao vilituita kwa majina ya nyumbani.

Siku ya tatu tulipanda gari kuelekea Malindi. Tulipovuka tu daraja la Nyali, Ami alimwambia dereva asimame penye njia panda inayoitwa Kengeleni. Magari, tuktuk, bodaboda, wauza madafu. Na katikati ya vurugu hiyo, mnara mdogo wa matao wenye kengele.

"Nani kati yenu ni wa Mbotela?"

Tulikuwa sita. Tukainua mikono kama watoto wa darasani kwangu.

"Basi shukeni. Mumefika kwenu."

Akatusimulia pale pale, akishindana na honi. Mwaka wa 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, baada ya kushinikizwa na ujumbe wa Mwingereza aliyeitwa Bartle Frere. Miaka miwili baadaye wamishonari wa CMS wakafungua makao ya watumwa waliokombolewa baharini, hapa, wakayaita Freretown. Kengele ilipigwa kuwaonya wakazi wakati wa hatari, wafanyabiashara wa watumwa wasije wakawarudisha minyororoni. Miongoni mwa waliotua hapa alikuwa mtu aliyetekwa mbali bara, akapakiwa jahazini, na kuokolewa na manowari ya Kiingereza. Jina lake Mbotela. Mwanawe, James Mbotela, akawa mwalimu na akaiandika hadithi hiyo katika Kiswahili: Uhuru wa Watumwa, kilichochapwa 1934.

"Wako wasomi wanaokilaumu kitabu kwa kumsifu Mwingereza kupita kiasi," Ami akasema. "Lakini ukiokolewa wewe, utamsifu nani?"

Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, ambaye sauti yake ilijaa redio za Eastlands kila Jumapili akituuliza kama mambo yale tuliyoyafanya ni ungwana, alizaliwa hapa hapa. Na wa ukoo huo huo alikuwa Tom Mbotela, aliyekwenda Nairobi akawa mwanasiasa na makamu wa rais wa chama cha KAU. Alipinga hadharani njia ya silaha. Novemba 1952, mwezi mmoja tu baada ya Hali ya Hatari kutangazwa, akauawa mjini, na mauaji hayo yakanasibishwa na Mau Mau. Mwaka uliofuata akauawa diwani Ambrose Ofafa. Nayo serikali ya kikoloni, ilipojenga mitaa mipya ya Waafrika miaka hiyo, ikaipa majina yao.

Niligeuka kumtazama Mama Wambui. Alikuwa ameushika mnara kwa mkono mmoja kama mtu aliyeshikwa na kizunguzungu.

"Kwa hivyo," alisema taratibu, "baba yangu walimpeleka Manyani. Na mimi miaka arobaini nimelala ndani ya jina la mtu waliyemfanya mfano mwema ili baba yangu aonekane mwovu."

Hakuna aliyejibu. Mama Akinyi, Mjaluo, ambaye amelelewa Ofafa Jericho na ambaye babake alimjua Ofafa, alifungua kinywa na kukifunga. Ilikuwa zamu ya mwongozaji kusema la kupoza, na wengi katika kazi hiyo wangelisema.

Ami akamwambia, "Mimi ni mwongozaji, mama, si hakimu. Kazi yangu nimekufikisha."

Nilimkasirikia kwa sekunde chache. Baadaye nikaona alichofanya. Angemwambia kwamba wote walipigania uhuru kwa njia zao, angekuwa amemwibia swali lake. Yule mtu mmoja alikuwa mjukuu wa mateka, aliyejifunza kwamba sheria ya Mwingereza ndiyo ilimkata babu yake minyororo. Yule mwingine alitiwa minyororo na sheria hiyo hiyo. Wajukuu wao wamekinga maji kwenye mfereji mmoja wa Jogoo Road bila kujua. Mambo mawili kama hayo hayapatanishwi njia pandani saa nne asubuhi. Yanabebwa.

Tuliyabeba hadi Gedi, mji wa mawe uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 17 na kumezwa na msitu, ambako James Kirkman alichimbua tangu 1948 na kukuta vigae vya vyombo vya China. Nilitarajia wanawake wachoke. Badala yake waliuliza maswali ambayo hayakuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote: mwenye kasri hili, nani alimchotea maji? Jikoni ni wapi? Mkojo wa usiku ulimwagwa wapi? Kijana wa kampuni aliyaandika yote, na kwa mara ya kwanza nilimwona akijibu kwa kukisia na kufikiri badala ya kusoma.

Jioni tukafika Malindi, tukautazama mnara wa Vasco da Gama kwa heshima kidogo, tukateremka ufuoni. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuikanyaga bahari. Wakajifunga leso vifuani, wakashikana mikono mstari mmoja, wakaingia wakipiga kelele kila wimbi lilipowafika magotini. Mama Wambui alikuwa na miaka sitini na tisa. Aliinama, akachota maji kwa kiganja, akayaonja, akatema.

"Baba alikuwa anasema walipokuwa Manyani askari waliwaambia bahari iko karibu," alisema. "Hakuiona mpaka akafa." Kisha akachota tena na kunawa uso.

Tangu siku hiyo nimeulizwa na vyama vingine vya mtaani tulivyojipanga, na huwa najibu mambo matatu. La kwanza: pesa ya starehe idaiwe stakabadhi kama pesa ya mkopo, jina la hoteli liandikwe, na bei ya mwongozaji ikubaliwe kabla ya hatua ya kwanza. La pili: ukipewa waongozaji wawili, mmoja anayejua tarehe zote na mwingine anayekuuliza unatoka wapi, mchukue wa pili, tarehe utazikuta ukutani. La tatu ni gumu kulieleza mkutanoni, nami hulisema kwa methali aliyotuachia Ami stesheni ya Miritini: aendaye tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni pale chini tumboni, maji machafu yanapokusanyika na kukombwa. Baharia atazunguka chombo kizima, lakini kazi inamngoja kule chini.

Ngama yangu ni Mbotela. Muhula uliofuata niliwatoa watoto wa darasa la saba nje ya geti Ijumaa moja, tukatembea hadi Kaloleni na kurudi kupitia Makongeni, mtaa wa watu wa reli. Sikuwasomea kitu. Kila penye jina tulisimama, nikawauliza nani yuko nyumbani anayeweza kujua. Walirudi Jumatatu na mababu, mashangazi na mafundi viatu wa miaka mingi. Hadithi nyingine zilipingana, na nikawaacha wazigombanie.

Mama Wambui hajahama. Nilimuuliza kama anafikiria, akanitazama kama mtu asiye na akili. "Nihame kwa sababu ya jina? Nyumba nimeilipia kodi mimi, si yeye." Lakini wiki chache baada ya safari tulikuwa kituoni pamoja naye, tukingoja gari la kwenda mjini. Matatu ikaja kwa fujo, makanga akiwa amening'inia, akiwaonyesha abiria wa kuteremka mahali pao: "Mbotela, tela, tela!"

Mama Wambui akamshika mkono wa shati. "Kijana, unajua unamwita nani?"

"Mama, ni hamsini tu, ingia."

Akaingia. Akakaa kiti cha mlangoni, palepale anaposimama makanga, akaanza na mkataba wa 1873. Tulipofika Muthurwa kijana alikuwa bado ameinama kusikiliza, na abiria wawili wa nyuma wakashuka bila kudaiwa nauli.